Kamera zitengenezwe kwa ajili ya nani: mtu wa kazi au mpenzi wa picha? Watu wa Nairobi tuongee

#1 ShataMbili (mwenye uzi)

Wadau, habari za jioni. Kila kamera mpya ikizinduliwa ubishi ni ule ule: kampuni ziwasikilize wapiga picha wa kazi, au ziwaangalie wapenzi wa picha wanaonunua kwa raha zao? Huko nje wanabishana kana kwamba hawa ni makabila mawili yasiyooleana. Mimi napiga harusi, ruracio (sherehe za mahari za Wakikuyu), ibada na mikutano ya kampuni hapa mjini, na nikifuata ubishi huo sijioni upande wowote.

Kamera wanayoiita ya kazi ni kama Canon R1, iliyotoka 2024 kwa dola 6,299. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya laki nane, bodi tupu (kamera bila lenzi), kabla ya VAT ya asilimia 16, na lenzi bado. Nani hapa anarudisha hiyo pesa kwa ruracio za Limuru? Tulio wengi tuko ngazi ya katikati: Sony A7 III, Canon R6, Nikon Z6, au 5D Mark III ex-UK iliyoshikwa na watu kabla yetu. Ngazi hiyo kampuni zimeipangia mpenzi wa picha. Kwa hivyo kila wanachokikata katikati ili kulinda ile ya juu, anayeumia ni mtu wa kazi wa Nairobi. Mpenzi wa picha wa Tokyo hata hatambui.

Mfano wa kwanza. Nikon walipoingia kwenye kamera zisizo na kioo (mirrorless) 2018 na Z6 na Z7, waliweka nafasi moja tu ya kadi. Anayepiga maua bustanini hana neno. Lakini bibi harusi akishatoka kanisani, ametoka. Kadi ikifa saa hiyo huwezi kuwaambia warudie kiapo. Tulingoja mpaka 2020, Z6 II ilipokuja na nafasi mbili.

Mfano wa pili ndio unaonichekesha. Kwa miaka mingi kamera za picha zilikuwa zinakata video kwenye dakika 29 na sekunde 59. Sababu kubwa ilikuwa ushuru wa Ulaya: kamera inayorekodi dakika 30 au zaidi ilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa zaidi. Yaani afisa wa forodha wa Ulaya ndiye aliyekuwa anamkatiza mchungaji wa Kayole katikati ya mahubiri. R6 ya 2020 ilikuwa bado na kikomo hicho. Kilipoondolewa kwenye R6 Mark II mwaka 2022, watu wa hobi hawakupiga makelele, ila sisi wa ibada tulishangilia.

Msimamo wangu: watengeneze kamera ya katikati bila kuikatakata. Mwenye haja ya ile ya juu ataifuata kwa spidi na uimara wake. Nibisheni.

#2 MzeeWaFilamu

Kijana, umeandika vizuri lakini umeanzia mwisho wa hadithi.

Hivyo vyote unavyovifurahia katikati vilishuka kutoka juu. Nikon D1 ya 1999 ilikuwa na megapikseli 2.7 tu na bei ya kukosesha usingizi, na waliyemlenga alikuwa mtu wa magazeti. Vyumba vya habari ndivyo vilivyobeba gharama ya kujifunza dijitali, ninyi mkaja kula matunda. Sogea karibu zaidi: Sony walitoa A9 mwaka 2017 kwa dola 4,500, kamera ya viwanja vya michezo. Mwaka uliofuata A7 III ikaja chini ya dola 2,000, ikiwa na pointi 693 za fokasi kama za A9 na betri ile ile ya NP-FZ100. Hiyo kamera inayokulisha wewe ni mtoto wa kamera ya watu wa kazi.

La pili ni mwili wenyewe. Safari Rally ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021; nenda Naivasha ukaone ule mchanga wanaouita fesh-fesh. Si vumbi la kupangusa na shati. Ni kama unga, gari likipita unabaki umesimama ndani ya wingu, na ukibadilisha lenzi umekwisha. Na maandamano ya Juni 2024 hapa mjini, wale waliokuwa barabarani wanajua maji ya magari ya polisi yanafanya nini kwa kamera ambayo mipira yake ya kuzuia maji ni ya kubahatisha. Mtu wa kazi analipia uhakika kwamba shata itabonyezeka.

Mpiga picha wetu Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, akiwa kijana, 1963, na 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikaamsha dunia nzima. Mtu kama yule hakuhitaji kamera yenye rangi za kupendeza. Alihitaji chombo kisichogoma. Kampuni zikiacha kumfikiria mtu wa namna hiyo, zitatuletea mapambo.

#3 HesabuNaPicha

Mzee, heshima zako. Mimi ni mhasibu, kamera nashika wikendi, msitu wa Karura na Ngong, basi. Naongea kwa upande wa pesa.

Mwaka 2010 kampuni za chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, zilisafirisha kamera za dijitali kama milioni 121. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Simu ilikula zile kamera ndogo za mfukoni zote, na kilichobaki ni watu wanaopenda kamera kwa kupenda. Olympus waliuza kitengo chao cha kamera, kikaanza 2021 kwa jina la OM Digital Solutions. Samsung walitoa NX1 mwaka 2014, kamera nzuri kabisa, kisha wakafunga virago. Ile biashara haikosi ubingwa, inakosa wanunuzi.

Wanunuzi ni sisi. Fujifilm walipotoa X100VI Februari 2024, dola 1,599, lenzi moja isiyobadilika, watu walijiandikisha wakangoja miezi. Harusi nzima kwa lenzi moja isiyobadilika? Wachache sana. Ni mambo ya TikTok, ya kupiga mtaa, ya kuning'iniza shingoni ukinywa kahawa Westlands. Tena hiyo Fujifilm ina Instax, zile picha za papo hapo za sherehe za watoto, na hizo ndizo zinazowapa nafasi ya kutengeneza GFX, zile kamera zao kubwa za bei ya juu. Ukitaka kushangaa zaidi tazama Leica: M11 ya 2022 iliuzwa karibu dola 9,000, haina otofokasi, na wanaoinunua wengi hawajawahi kumwandikia mteja ankara.

Kwa hiyo Mzee, yale malenzi meupe ya wapiga picha wa kazi yaliyojipanga kando ya uwanja wa Olimpiki mimi nayaona ni tangazo. R1 ilitangazwa siku chache kabla ya michezo ya Paris. Kuna anayedhani ni bahati?

#4 DukaLuthuli

Mmenigusa. Nauza kamera, sitataja duka, hii si tangazo.

Mteja wangu wa kawaida si mtu wa kazi wala mpenzi wa picha. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ameona wenzake wanapiga wapita njia mjini na kulipwa kwa M-Pesa papo hapo, amechanga pesa na dadake, na anataka kamera itakayoanza kurudisha pesa wiki hii hii. Kwenye vitabu vya kampuni huyo anaitwa mwanzilishi, wa kupiga picha za familia na mbwa. Kamera anayouziwa imepunguzwa kwa kumfikiria mtu wa mbwa.

Nipeni nafasi nionyeshe. Shika bodi yoyote, itazame pale juu unapochomeka flashi. Kwenye kamera nyingi utaona kile kitone kikubwa cha chuma katikati. Hicho ndicho kinachoiambia flashi ya kampuni yoyote iwake. Canon 250D ya 2019 hakipo, pamebaki uwazi mtupu na vile vitone vidogo vya Canon wenyewe. Maana yake triga rahisi ya elfu mbili tatu, kile kifaa kinachowasha taa za studio nyingi za River Road, haitafanya kitu. Kitone cha chuma! Shilingi ngapi hiyo? Lakini mtu wa mbwa hatumii taa za studio, kwa hivyo kikatolewa.

Nikon nao tangu D40 ya 2006 waliondoa mota ya fokasi ndani ya bodi ndogo, na familia yote ya D3000 ikafuata. Kijana akija na D3100 ya mkono wa pili, lazima umuulize anataka lenzi ya 50mm ipi, kwa sababu ile ya zamani yenye herufi D ni rahisi na ni kali, ila kwenye bodi yake ataizungusha kwa mkono siku nzima. Ile yenye herufi G ina mota yake, bei iko juu. Si wauzaji wote watakwambia.

Na lenzi za kampuni nyingine je? Sony walifungua mlango mapema, ndiyo maana Sigma na Tamron zimejaa kwenye meza za watu wa E-mount, mfumo wa lenzi wa Sony. Canon walibana RF, mfumo wa lenzi za kamera zao mpya, mpaka 2024 ndipo wakawaruhusu Sigma na Tamron, na hapo ni kwa kamera zenye sensa ndogo (kipande kinachonasa mwanga) za APS-C. Mwenye ful fremu (sensa kubwa) ya katikati bado anabaki na bei za Canon. Kwa hiyo naungana na ShataMbili, lakini namwongezea: katikati kunakatwa, na chini kunachinjwa.

#5 PwaniBluu

Shikamoo Mzee. Nawasoma kutoka Mombasa.

Mwabishana mtu wa kazi na mtu wa hobi, na mteja wangu wa hoteli ataka rili (video fupi ya mtandaoni) imfikie kabla jua halijazama. Nusu ya kazi hiyo naifanya kwa simu. Kamera nzuri, picha nzuri, kisha niitoe kwenye kadi, niihamishe kwa programu ya kampuni inayokatika kila mara, mteja keshalala. Wakitaka kunihudumia mimi, waanze hapo.

#6 MzeeWaFilamu

Marahaba mwanangu. Hapo umesema kweli tupu, na hapo ndipo watu wa kazi na wa hobi wanapoonewa sawasawa.

HesabuNaPicha, tangazo ni tangazo, sikatai. Lakini ukifuata nyuma ya yale malenzi meupe utakuta dawati la huduma: Canon wana CPS, Nikon wana NPS, mpiga picha akiharibikiwa kwenye michezo mikubwa anaazimwa bodi akafanye kazi. Shirika la habari la Associated Press lilipohamia Sony 2020, huduma ya namna hiyo lazima iwe mezani. Mashirika hayanunui kamera tu.

#7 ShataMbili

Mzee, na hapo ndipo unaponisaidia. Huduma hiyo ni ya nani? Kiti cha CPS kinahesabiwa kwa bodi na lenzi za daraja la juu ulizonazo. Mtu wa R6 na 50mm ya plastiki, hata kama kila Jumamosi yuko harusini, kwenye hesabu hiyo ni mpenzi wa picha. Kamera yake ikilala, anaibeba kwa fundi mjini na kuomba Mungu, huku akitafuta ya kukodi.

Na kuhusu A9 kuzaa A7 III, nakubali kabisa. Tena ndiyo hoja yangu. Sony wangeweza kusema pointi 693 ni za wakubwa, wa katikati wapewe mia tatu. Hawakufanya hivyo, na angalia ilivyojaa kwenye harusi za mji huu. A9 ilikufa kwa sababu hiyo? Haikufa. Walitoa A9 II, wakatoa A9 III ya dola 5,999 yenye shata ya kusoma sensa nzima kwa mpigo mmoja, na wenye haja nayo wanainunua.

#8 MaraKaskazi

Mimi ni wa wanyama. Naishi Lang'ata, nafanya kazi Nairobi National Park na Mara, nikiongoza wageni wenye kamera.

Kwenye gari langu mambo yamepinduka kabisa. Mgeni ni daktari mstaafu au mwenye kiwanda, amebeba lenzi ya 600mm f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inaingiza mwanga zaidi). Ya Canon RF ilitoka 2021 kwa dola 12,999, zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya, bei ya ploti sehemu nyingine. Yeye ndiye wa hobi. Mimi ninayelipwa, na picha zangu ziko kwenye brosha za kambi, natumia lenzi ya kuvuta ya bei ya kawaida. Ukituona bila kujua, utadhani mimi ndiye niliyekuja kutalii.

Basi mtu akiniambia kampuni ziache kuhangaika na wa hobi namkatalia. Sony 200-600 ya 2019, chini kidogo ya dola 2,000, na Nikon 180-600 ya 2023, karibu dola 1,700, zilitengenezwa kwa wapenzi wa ndege. Watu wa hapa wanaoishi kwa picha za wanyama wamepata pumzi kwa sababu yake.

Lakini si kila kilichopunguzwa bei kinatufaa. Canon walitoa 800mm f/11 mwaka 2020 kwa dola 899. Ukiwa mchana kweupe ni furaha. Sasa njoo geti la parki linapofunguliwa asubuhi, ukungu bado uko kwenye mbuga, simba wanarudi kutoka mawindoni chini ya daraja la reli ya SGR, na wewe una f/11 isiyofunguka zaidi. Unapandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) mpaka manyoya yanakuwa chengachenga. Mgeni wangu wa f/4 anapokea mwanga mara nane ya wako. Simba hawangoji saa nne.

#9 HesabuNaPicha

Daktari mstaafu wa f/4 ndiye analipa utafiti wote huo, MaraKaskazi. Mkaribishe chai.

#10 MaraKaskazi

Nampa chai na mandazi, na bakshishi yake naipokea kwa mikono miwili.

#11 MzeeWaFilamu

Nimetafakari mlichoandika, na nina kisa kimoja ambacho nyote mnakijua nusu.

Canon 5D Mark II, 2008. Kamera ya picha, ful fremu, dola 2,699. Video ya 1080p iliwekwa kwa sababu mashirika ya habari yalitaka mpiga picha mmoja alete picha na kipande cha video kutoka eneo la tukio. Kwa kifupi iliwekwa kwa ajili ya watu wa kazi, watu wangu. Sasa nani aliyeibeba? Vijana wa filamu wasio na pesa. Kufika 2010 kipindi cha House kule Marekani kilipiga kwa kamera hiyo sehemu nzima ya kufungia msimu, na hapa Nairobi video za muziki zikabadilika sura, ule ukungu wa nyuma ukawa kila mahali.

Na Canon hawakuwa wamemwona mteja huyo akija. Ilipotoka ilirekodi fremu 30 kwa sekunde tu. Umeme wetu ni wa 50Hz na televisheni yetu ni ya fremu 25. Ukiingia ukumbi wa taa za mirija, kamera ikiamua shata yenyewe, ukuta unapepesapepesa kwenye video. Kudhibiti mwanga kwa mkono kulikuja na programu mpya 2009, fremu 24 na 25 zikaja Machi 2010. Zote ni programu tu! Chombo kiliweza tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo ShataMbili, nakubaliana nawe nusu: ukifunga kitu ambacho chombo kinakiweza, humjui unayemfungia. Nusu nyingine sikupi. Vumbi la Naivasha haliondolewi kwa programu. Mipira ya kuzuia maji, shata ya kudumu, hivyo ni gharama kwelikweli, na lazima mtu alipe.

#12 ShataMbili

Nusu hiyo naichukua, Mzee, na asante. Sijawahi kudai R6 ivumilie Naivasha kama R1. Uimara una bei, spidi ina bei. Kitone cha chuma, nafasi ya pili ya kadi, dakika ya 30, fremu 25: hivyo ndivyo ninavyolia navyo. Vingine ni shilingi chache, vingine ni mstari wa programu. Wanavifunga wakijua tunavihitaji, ili tupande ngazi. Sasa mtu wa London atapanda akikasirika. Wa Nairobi hapandi, ananunua ya zamani ambayo haijafungwa sana. Ndiyo maana 5D Mark III ya 2012 bado inafanya kazi kwenye harusi za Jumamosi. Hapo kampuni haikupata kitu, si kwa mtu wa kazi, si kwa wa hobi.

#13 DukaLuthuli

Kweli tupu. Meza yangu ya ex-UK ina watu kuliko ile ya boksi mpya.

#14 MamaTwins_Ruaka

Samahani kwa kuingilia wakubwa. Napiga picha za watoto wachanga nyumbani kwa wateja, nataka kuanza na harusi ndogo ndogo. Nina laki moja na nusu kwa bodi. Nisikilize nani kati yenu?

#15 DukaLuthuli

Karibu dada. Tafuta ful fremu ya mkono wa pili yenye nafasi mbili za kadi, A7 III au Z6 II, kisha baki na chochote kwa lenzi ya 50mm au 85mm. Ukienda kuangalia, beba kadi zako mbili na laptop. Weka zote mbili, rekodi video ndefu kidogo, piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa, chomoa na uchomeke betri mara kadhaa. Kwenye A7 III kumbuka nafasi ya kwanza ndiyo yenye kasi ya UHS-II, ya pili ni UHS-I, usiweke kadi ghali mahali pasipoitumia. Halafu kadi zenyewe, zile za bei rahisi ya kushangaza barabarani, achana nazo. Imeandikwa 128, ndani hakuna hata nusu.

#16 HesabuNaPicha

Dada, mimi nina A7 III. Imepiga ndege wa Karura na sherehe za wapwa zangu, haijawahi kuona mvua wala ruracio. Nataka kuhamia X100VI. Tuongee faraghani, na lipa mdogo mdogo nakubali.

#17 MzeeWaFilamu

Hesabu ya shata kwanza, Mhasibu: imepiga picha ngapi? Weka hapa hapa tuione.